Kitalu Namba Tatu

Namba moja tulikipa dapu na yurea.
Namba mbili, chokaa na samadi ya kupimwa.
Namba tatu hakikupewa kitu.
Ndiyo kazi yake, kukosa,
ili tujue waliopata wamepata kiasi gani.

Nilimweleza hayo Bi Sikitu Nzunda
ukingoni mwa shamba lake, Santilya,
ukungu ukitupita magotini
kama ng'ombe wanaorudi zizini bila mchungaji.
Nikasema: hiki ni kitalu cha ulinganisho.
Akauliza: kimekosa nini?
Nikasema: hakina kosa, mama, ni utafiti.
Akakitazama
kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada.

Kila Jumanne nilipanda na pikipiki ya ofisi.
Nilisoma kipimamvua: milimita kumi na mbili,
milimita nne,
sifuri.
Nilipima vimo vya mahindi kwa rula ya mbao,
nikachimbua udongo sentimita ishirini kwenda chini,
nikautia mfukoni, nikaufunga, nikaupa namba.
Mwisho wa Desemba namba tatu kilikuwa manjano,
majani ya chini yamekauka kuanzia nchani,
nami, niseme kweli, nilifurahi.
Niliandika "vizuri" kwenye daftari
kwa kuwa njaa ilikuwa ikienda kama tulivyotarajia.

Yeye alipalilia vyote vitatu sawasawa.
Majirani walipita na magunia ya viazi kichwani:
Mama Nzunda, hicho umekifungisha swaumu?

Februari kikawa kijani.

Nilidhani macho. Nikapima mara mbili.
Nikabadili rula.
Nikamwandikia Dokta Mbawala kule Uyole,
nikataja majivu ya volkano ya kale,
rutuba iliyolala, mizizi iliyoifikia,
ukurasa mzima wa nadharia nzuri
ambayo hadi leo naionea huruma.

Kisha nikainama.
Shinani, chini ya nyasi kavu zilizolazwa kwa adabu,
samadi ya ng'ombe, konzi kwa konzi,
kila shina, mistari yote minane,
na alama ya kidole gumba pale ilipokandamizwa.

Hakukana. Alikuwa na ungo wa maharage mapajani.
"Napita hapa kila asubuhi, mwanangu.
Hivi viwili vimeshiba, hiki kinanitazama.
Nimezaa saba. Sikujifunza kumlisha mmoja
mwenziwe akiwa amekaa palepale."
Akapeta kidogo. Akauliza kama kuna faini.

Fomu ya uharibifu wa jaribio ina visanduku:
wadudu, ngedere, mafuriko, wizi, mengineyo.
Nilikaa juu ya tuta kalamu ikinigandia,
si kwa baridi peke yake.
Nikamwomba achote konzi moja, anitilie kwenye mizani.
Gramu mia na arobaini.
Nyingine. Mia na thelathini na nane.
Ya tatu. Mia na arobaini na moja.
Mizani yangu yenyewe, upepo ukivuma,
huyumba kuliko mkono ule.
Hilo halikuwa na kisanduku.
Nililiandika pembezoni, kwa penseli.

Julai tulivuna. Namba tatu tulikifuta kwenye jedwali
na mahindi yake akayala yeye na wajukuu,
maana hakuna aliyejua yaandikwe wapi.

Msimu huu kitalu cha ulinganisho
kimehamishiwa kituoni Uyole,
nyuma ya seng'enge, mbali na njia ya miguu.
Mlinzi ana ufunguo, hana ng'ombe.
Hapo kinakosa vizuri sana, kila wiki sawasawa,
na takwimu zake ni safi, Dokta anazisifu.

Mimi nikienda kusoma mvua
nazunguka kwa nyuma, upande wa karakana.
Ni mbali zaidi.
Lakini hakinioni.