Toni Nzima na Nusu

Kanisani kwetu Usoke hakuna kinanda.
Hakuna gitaa, hakuna ngoma, hata kayamba.
Kuna mabenchi ya mninga, popo darini,
na mwalimu Mihambo mwenye uma wa chuma
anaougonga gotini, anausogeza sikioni,
kisha anatugawia: do, mi, so, do ya chini,
kama mama agawaye ugali, kila mtu tonge lake.

Basi tunavuta pumzi.
Ungeisikia hiyo pumzi! Watu arobaini kwa mpigo,
kama mzinga uliofunuliwa kabla ya moshi.
Mimi ni mrina asali, najua ninachosema.

Mwaka juzi akahamishiwa kwetu mwalimu wa hesabu,
Eliamani, kijana wa Upareni, nadhifu,
mwenye simu inayopima sauti kwa mshale.
Aliipakata tangu ubeti wa kwanza hadi wa tano,
na baada ya ibada akatuonyesha:
"Mnaanzia hapa. Mnamalizia hapa.
Toni nzima na nusu. Mnaporomoka, ndugu zangu.
Nunueni kinanda kiwashike."

Tulitazamana kama watu waliokumbushwa deni.
Sauti ya tatu wakatulaumu sisi besi, eti tu wazito.
Kikao kikaitwa, daftari la michango likafunguliwa:
Maganga, gunia la mpunga; mimi, madebe mawili ya asali.
Mihambo hakuandika kitu.
Aliufuta uma wake kwa pindo la shati.

Nyanzala hakuja kikaoni. Alikuwa akikohoa kwake, ng'ambo ya reli.
Nyanzala, sauti ya kwanza tangu kanisa likiwa la nyasi,
aliyegoma kuhamia sauti ya pili
mbele ya wachungaji watatu na daktari mmoja wa Kitete.
"Huko chini nitaimba mkishanizika," alisema.
Kifua chake kilikuwa mfuko uliotoboka.
Ubeti wa kwanza aliupanda,
wa pili aliushika kwa kucha,
wa tatu

wa tatu, na hili hakuna aliyewahi kulisema,
hatukulifanyia mazoezi, halimo kwenye nota,
wanawake waliomzunguka walikuwa wakilegeza kidogo,
unene wa unywele,
sauti ya pili wakahisi, wakasogea,
ya tatu wakainama,
nasi besi, tuliokwisha kukaa sakafuni, tukachimba.
Kanisa zima lilishuka kumfuata mama mmoja,
kama wabeba machela wanavyopiga magoti pamoja
mgonjwa asiteleze.

Kinanda kisingeshuka.
Kingebaki juu ya ngazi, kimenyooka, kina haki,
kikimtazama.

Sisi hatukujua. Nasema kweli, tulidhani ni uzembe.

Tulimzika Jumanne, mvua za kwanza.
Treni ya mizigo ilipita, tukaingoja mpaka behewa la mwisho.
Mihambo akagonga uma gotini
na tukaimba beti zote tano, matope yakitunyonya viatu.
Eliamani alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka,
ila nilimsikia akitoa simu, halafu kimya,
halafu akinong'ona, kama mtu aliyesaliti hesabu yake mwenyewe:
"Hamjashuka. Hata kidogo."

Mshale ulikuwa umesimama wima.
Hapo ndipo sauti ya kwanza walipoangua kilio.

Kinanda hatukununua. Asali yangu ilitoa saruji ya kaburi.
Eliamani huimba sauti ya tatu, vibaya, na simu huiacha nyumbani.
Jumapili tunaanzia juu na tunamalizia juu,
tumenyooka kama reli iendayo Urambo,
na wageni hutusifu.
Lakini kila tufikapo ubeti wa tatu
nalegeza kidogo, unene wa unywele,
nasikiliza
nani leo amechoka.