Mbwa wa Jumamosi

Saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
Januari ya Oulu haina subira na mchana.
Watoto huingia maktabani wanene kwa makoti,
wakayavua mlangoni, wakabaki vijiti:
buti kumi na nne ukutani,
glavu juu ya kipasha joto zikinuka sufu mbichi,
na mimi, Tuulikki, mwenye funguo
za kabati la vitu vya kuchezea,
nahesabu.

Nahesabu kwa sababu fumbo la ndovu lina vipande arobaini
na tangu Novemba lina thelathini na tisa.
Sikio halipo. Ndovu anasikia upande mmoja
na hakuna mtoto aliyelalamika.

Ghorofani vijana wameazima gitaa:
wimbo uleule, kosa lilelile, wiki ya sita.
Dirishani mama mgeni wa mji anashona pazia
kwa cherehani ya umma. Mwanawe mchanga
amelala ndani ya kapu la magazeti,
jambo ambalo kanuni hazikulifikiria,
na nani amwamshe?

Na kwenye kona, nyuma ya atlasi,
kuna mkeka wa bluu wa Hippu.
Hippu ni mbwa. Kazi yake ni kusomewa.
Ana kitambulisho shingoni kama sisi wafanyakazi
na kazi yake anaijua kutushinda:
hakatizi, hasahihishi, hatazami saa.
Ukikwama kwenye neno atakungoja
hadi neno lenyewe lichoke kujificha.

Eelis ana miaka kumi na mitatu na kigugumizi.
Husema amemleta dada yake tu.
Humvua Vilja buti, humpeleka kwenye matofali ya plastiki,
kisha, kama aliyepotea njia ndani ya chumba anachokijua,
hujikuta mkekani.
Mimi hugeuka, hupanga upya rafu iliyokwisha kupangwa.
"M-m-mlima," nasikia, "u-u-"
halafu pumzi ya mbwa, ndefu, isiyo na hukumu,
"ulikuwa mbali."

Jumamosi hii mwenye Hippu alipiga simu.
Mguu wa nyuma. Barafu ya ngazini. Wiki tatu, labda nne.
Niliandika tangazo, nikalibandika, nikaona haya
kama mwenye duka aliyeishiwa chumvi.

Eelis alilisoma kimya.
Kimya hakigugumii.
Akakirudisha kitabu ndani ya koti,
akaanza kutafuta buti.

Ndipo Vilja, miaka minne, akauacha mnara wake nusu,
akapita katikati yetu kwa magoti na viganja,
akajilaza kwenye mkeka wa bluu,
kidevu juu ya mikono.
"Mimi ndiye mbwa. Soma."
"Mbwa hasemi," alijibu Eelis kwa hasira,
bila kukwama popote,
na Vilja, aliyeielewa kazi, akanyamaza.

Sitasema alisoma vizuri.
Ukurasa mmoja ulichukua muda wote
ambao gari la theluji lilikwenda hadi darajani na kurudi.
Gitaa lilikosea palepale.
Cherehani ilisimama. Wa kapuni aliamka,
akayatazama magazeti, hakulia.
Vilja alijaribu kujikuna shingo kwa mguu,
akabingirika, akarudi kazini.

Tulipofunga niliosha matofali kwa maji ya vuguvugu,
jekundu, la njano, jekundu,
nikaukung'uta mkeka.
Likadondoka sikio la ndovu,
lenye alama za meno.
Ya mbwa gani, siapi.

Limevimba kidogo, halikai sawa.
Lakini ukilibonyeza kwa kidole gumba,
ukalishikilia bila haraka,
linaingia.