Gia ya Tatu

Mwalimu Nyanzala alinilipa elfu ishirini
nikaitazame, nirudi na neno moja tu: chukua, au acha.
Nikabeba nyundo ndogo, bisibisi, tochi,
kipande cha kaniki cha kulalia,
na betri ya kuazima nimeifunga nyuma ya baiskeli.

Ipo Isevya, nyuma ya nyumba ya bati jekundu:
Landrova ya mwaka sabini na nne,
kijani iliyopaushwa na jua
hadi rangi ya ndizi mbichi zilizochemshwa.
Juu ya boneti mtu ameanika karanga.

Sumaku sikubeba.
Wanaoipeleka kwenye Landrova ni wale waliosoma nusu:
bodi ni aluminiamu, haishiki sumaku, haipati kutu,
inaweza kukuchekea meno yote thelathini na mawili
na huko chini mifupa imekwisha.
Gari la namna hii huulizwa uvunguni.

Nikatandika kaniki, nikaingia.
Gonga. Ngo. Gonga. Ngo.
Chasi inaitika kama reli ya asubuhi.
Yaliyotoka pwani hujibu pu, kama papai;
chumvi imeyala yakiwa yamesimama tu.
Kwetu Tabora vumbi huingia kila mahali
lakini vumbi halina meno.

Ila kona ya nyuma kushoto, pale springi inapoegemea,
bisibisi ikazama hadi mpini.
Laki moja na nusu, nikasema moyoni. Na siku mbili za kuchomelea.

Nikaendelea kuhesabu.
Matairi yamepasuka kama visigino vya kiangazi.
Breki hushika ukipampu mara tatu, ya nne ni dua.
Panya wamekula waya za taa, wakaiachia honi.
Na kwenye chujio la hewa, nyuki wadogo, wale wasiouma,
wamejijengea mlango wa nta
mwembamba kama mrija wa soda.
Bei ya gari bovu ni kiingilio tu;
lenyewe utalilipa Jumamosi moja moja,
mkono mweusi, mke amenuna,
na spea inayotoka Dar kwa treni ikifika
ni ya gari jingine.

Bi. Kalunde alikuwa kizingitini anapeta mchele.
Nikangoja uongo. Wauzaji wote wana wimbo mmoja:
jana tu limetembea, ni betri tu hiyo,
mwenyewe alikuwa mtu wa mbio za taratibu.

Ungo ukasimama.
"Gia ya tatu inachomoka," akasema.
"Marehemu aliishika kwa goti miaka kumi na mmoja.
Alikuwa bwana nyuki, Sikonge kwenda na kurudi.
Kila suruali yake niliitia kiraka, mguu wa kushoto."
Akaendelea kupeta.

Kazi yangu ni kugeuza kila kasoro kuwa shilingi.
Hiyo nikaiandika, nikaikata,
nikaiandika tena bila tarakimu mbele yake.

Nyuki tukawahamishia kwenye kibuyu, taratibu, na mlango wao.
Karanga akazizoa mwenyewe.
Betri, petroli chupa moja, matairi tukayajaza pumzi.
Ikakohoa. Moshi wa bluu, kidogo.
Halafu mweupe. Halafu hewa tu,
na watoto wa jirani wamejipanga ukutani
kama waliolipa kiingilio.

Nikatoka nayo hadi njia ya reli.
Ya kwanza, sawa. Ya pili ililalamika lakini ilikwenda.
Ya tatu ikaingia, ikatetemeka,
ikaanza kurudi ilikotoka.
Goti langu lilikwenda lenyewe,
na pale kwenye fimbo ya gia likakuta mahali
palipokwisha rangi, laini,
upana wake upana wa goti.

Simu ikalia, mfuko wa kushoto.
Najua ni Mwalimu, anataka neno lake moja.
Sikuipokea.
Mguu ulikuwa na kazi.