Mita Kumi, Kisha Tano

Mimi ni mzamiaji. Kazi yangu, pale Katonga,
ni kushuka na wavu mdogo kuliko shati la mtoto
kuwafuata samaki wa mapambo kwenye miamba,
wenye milia ya buluu, wenye shavu la njano,
ambao hatuwali. Wanakwenda kukaa
kwenye vioo vya watu nisiowajua.

Kwa hiyo yule bwana alipofika kwetu Gungu na begi la magurudumu,
akatandaza picha mezani, juu ya doa la mawese,
nilimwelewa kabla hajamaliza.
Hema la plastiki. Zipu. Mtoto analala ndani,
hewa inasukumwa mpaka masikio yanaziba,
oksijeni tupu puani, saa nzima,
vikao arobaini,
na usonji, alisema, unayeyuka kama chumvi mchuzini.

Yunis aliishika picha kwa ncha za vidole.
"Bei?"
Bei ilikuwa kiwanja cha Businde pamoja na injini ya boti.

Bitaliho alikuwa sakafuni na vizibo vyake vya soda,
mia moja na kumi na mbili, mstari mmoja
toka mlangoni hadi mguu wa kabati.
Ana miaka saba. Hajawahi kuniita.
Ukigusa kizibo kimoja, nyumba nzima inalia.

Shinikizo nalijua mimi.
Kuna mwaka nilipanda upesi kutoka mita arobaini,
magoti yakajaa misumari,
nikalala siku tatu nimejikunja kama mgebuka wa kukausha.
Hema lile lingekuwapo siku ile
ningeuza kiwanja bila kuulizwa.
Damu yangu ilikuwa na mapovu.
Damu ya mwanangu haina povu hata moja.

Daktari naye alisema hivyo, kwa upole, akitazama kalamu yake:
"Kwa wazamiaji, ndiyo. Kwa usonji wamepima,
wakapima tena, hawakuona kitu.
Masikio yake yanaweza kuumia.
Hiyo pesa mpe mtu atakayekaa naye chini."

Njiani Yunis hakusema neno.
Tulipofika mteremko wa stesheni akasimama:
"Wewe ni rahisi kwako. Wewe unarudi jioni."
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Usiku ule tulifunga mzigo wa ndege.
Mfuko wa nailoni: theluthi maji, theluthi mbili oksijeni,
mpira shingoni, mara mbili.
Nimefunga maelfu. Oksijeni humfikisha samaki,
haimgeuzi. Wa milia hushuka huko na milia yake.

Na kabla ya mfuko kuna jambo ambalo wanunuzi hawaulizi:
samaki wa chini sana havutwi juu mara moja.
Tumbo hufura, macho hutoka.
Tunamwacha kwenye kikapu, mita kumi, alale.
Kesho tano. Keshokutwa mbili.
Mwenye haraka hupandisha mizoga.

Siku hizi nikirudi simwiti.
Nakaa mlangoni, kilipo kizibo cha kwanza.
Wiki nzima mlangoni. Wiki nyingine chini ya dirisha.
Jana nilifika kwenye mguu wa kabati,
nikatoa mfukoni kizibo kipya, cha rangi ya chungwa,
nikakiweka sakafuni, kando kidogo ya mstari.

Alikitazama. Nikabana pumzi
kama niliyeishiwa mtungi.
Kisha akakivuta kwa kidole kimoja,
akakiweka, si mwanzo, si mwisho,
katikati kabisa,
akasogeza vingine hamsini na sita, kimoja kimoja,
ili kipate nafasi.

Yunis alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

Ile picha ipo bado, nyuma ya kioo cha kabati.
Hajaitupa.
Sijamwambia aitupe.