Sentimita Nne

Utepe wa kupimia ng'ombe umefifia namba,
nausoma kwa kidole zaidi kuliko kwa jicho.
Nghambi, Oktoba, upepo wa saa nne
unachota vumbi la zizi na kuturudishia usoni.
"Mia thelathini na moja," nasema.
Sechelela haandiki. Anakumbuka mwezi uliopita
ilikuwa mia thelathini na tano.

Ng'ombe anaitwa Majivu. Nyonga zimemtokeza
kama mafiga yaliyokosa chungu,
lakini ndama ananyonya, povu mdomoni,
na mwenye ng'ombe ananiuliza swali
ambalo chuoni Mpwapwa nililijibu kwa kalamu
nikapata sita kati ya kumi:
"Maziwa haya anayatoa wapi, naye hali kitu?"

Nikatafuta Kiswahili cha zizini.

Mama, nyama ya paja ni kihenge.
Majani yakiwepo, kongosho hutuma neno,
insulini, likapita na damu likibisha kila mlango:
jengeni, pangeni tofali juu ya tofali, msibomoe.
Sasa neno hilo limenyong'onyea.
Juu ya figo limeamka jingine, kotisoli,
lina sauti ya mgambo wa kuvunja nyumba:
ukuta wa paja uangushwe,
tofali zipelekwe kwenye ini, zipelekwe kwenye kiwele,
ndama asilale na njaa.

"Na hakuna wa kukataza?"

Yupo. Chini ya ubongo kuna kitezi,
hakizidi karanga yenye ganda lake.
Kinaita usiku na mchana: kua! kua!
Ini ndilo lilipaswa kuitika,
litume kichocheo chake misulini, ujenzi uanze.
Lakini ini lenye njaa limetia komeo.
Linasikia hodi. Linanyamaza.
Si ukaidi, mama. Nyumba isiyo na unga
humkaribishaje fundi?

Alicheka kidogo, kwa pua.
Akaifunga upya khanga yake kiunoni
nikaona ilivyozunguka mara mbili na kubaki,
na mgongoni mtoto, mashavu tele, amelala.
Sikusema kitu.
Nilikuwa bado nimeshika utepe.

"Mvua zikija, paja litarudi?"
Litarudi. Majani mawili matatu tu,
kongosho litapata la kusema, ini litafungua.
Nilisema hivyo nikitazama mbingu ya Oktoba,
nyeupe kama sahani iliyooshwa.

Tukampima ndama: ameongezeka tatu.
Mama yake amepungua nne.
Sechelela akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.
"Moja imekwenda wapi?"

Kitabu kina jibu refu, lenye mishale mingi.
Mimi nikaangalia njia ya kisimani,
kilomita saba kwenda, saba kurudi,
kwato za leo juu ya kwato za jana,
na kando yake, zikienda sambamba,
nyayo za kandambili.