Viti Mia na Ishirini

Kazi yangu ni viti.
Mchungaji ana neno, kwaya ina sauti,
mweka hazina ana kufuli na miwani.
Mimi nina viti vya plastiki mia na ishirini,
vya buluu, vimeandikwa K.P. mgongoni kwa rangi nyeupe,
mkono wangu mwenyewe,
herufi ya pili imeinama kama mwenye kiuno.

Kanisa letu la Presbiteri liko katikati ya Tanga,
kati ya duka la spea za baiskeli na saluni,
ukisali unasikia pampu upande huu,
umbea upande ule.

Jumapili vyote vinatazama mimbari.
Jumatatu navipanga duara, wanakuja viziwi
na Mwalimu Nakiete, mikono yake haipoi.
Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na ufagio
nikisubiri waanze.
Walikuwa wameshaanza. Walikuwa wanacheka.
Aliyepitwa na kichekesho ni mimi.

Jumatano, uji.
Mama Mhina huwasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri,
ulezi, tangawizi ya kukwaruza, sufuria la msibani.
Wanakuja wapagazi wa sokoni,
wasichana waliofunga baa, viatu mkononi,
vijana wanaotoka Bombo kunywa dozi yao,
wanakishika kikombe kwa mikono miwili
kana kwamba kitaruka.
Hakuna anayeulizwa dini.
Anaulizwa: sukari?

Mzee Shekilindi alileta hoja kikaoni.
"Tutenganishe," alisema. "Viti vya uji, viti vya ibada."
Mimi sina kura, nilikuwa nagawa chai.
Jumamosi nikaviosha vyote, sabuni moja, beseni moja,
nikavichanga kama karata.
Jumapili Mzee akaketi, akainuka,
akakipapasa kiti, akakigeuza, akaketi tena.
Plastiki haisemi nani ametangulia.

Ndipo akafariki Bi Mwanakombo wa Barabara ya Nane,
mvua za Mei, matope hadi kizingitini.
Mwanawe Hamza akaja na mkokoteni,
akaomba themanini.
Nikaandika daftarini: 80, msiba, jirani.
Siku tatu vikakaliwa na kanzu na mabaibui
chini ya turubai, K.P. zote zikisikiliza Yasini.

Siku ya nne vikarudi, vimefutwa matope.
Nikahesabu. Themanini na kimoja.
Nikahesabu tena, safari hii kwa chaki.

Kilichozidi kilikuwa cha mvule,
mguu mmoja umefungwa waya,
mikono mipana iliyong'aa kwa kushikwa.
Nikamwambia Hamza, hiki chenu.
Akasema, "Hapana. Mama aliacha neno.
Alikuwa akiwaona toka dirishani,
mnambeba yule fundi cherehani ngazi tatu,
mnamketisha kwenye plastiki, anateleza.
Alisema hiki kina mikono.
Alisema mpeni."

Fundi Mbelwa hana miguu tangu mkonge, tangu ile mashine.
Baiskeli yake ya magurudumu matatu huibaki nje
ikilindwa na watoto wa pampu.
Mteremko tumeuomba mwaka wa tatu huu;
mweka hazina anavua miwani, anasema saruji.
Saruji! Inapikwa hapahapa Tanga,
vumbi lake tunalifuta kwenye majani ya mpapai,
ila kupanda ngazi tatu imeshindwa.

Basi tunambeba bado.
Ila akishafika juu anaishika ile mikono ya mvule,
anajiweka mwenyewe, taratibu,
anatengeneza kola,
halafu ndiyo anatusalimu.

Daftari langu lina safu mbili:
vilivyotoka, vilivyorudi.
Sina safu ya kilichokuja.
Wala sijakiandika K.P.,
brashi niliishika, nikairudisha koponi.

Jumatano hii alitokea Mzee Shekilindi,
saa kumi na mbili na robo, koti lina unyevu.
Alisema anakagua bati linalovuja.
Akasimama kwenye foleni ya kukagua,
mbele yake msichana mwenye viatu mkononi,
nyuma yake kijana wa Bombo.
Mama Mhina hakuinua hata macho.
"Sukari?"