Mwenye Kiti

Kiti cha nyuma hakina skrubu pale unapozitafuta.
Unapiga goti, unakishika chini ya ukingo,
unakivuta juu, tena polepole,
maana springi zake zikiigusa betri utaona cheche
kabla hujamaliza kutaja jina la Mungu.
Kilisita. Kisha kikaachia chote kwa mpigo,
kizito kama mtu aliyelala.

Osnabrück, Machi, gereji isiyo na joto.
Gari la baba lina rangi ya maziwa yaliyosahauliwa,
la mwaka sabini na mbili, paa limekunjwa nyuma
kama blanketi la mtu aliyeamka kwa hasira.
Mapaa kama hilo aliyashona kiwandani miaka kumi na tisa;
sindano zikamwachia kidole gumba kisichojua moto,
akawa anazimia mshumaa mezani, tucheke,
na mama akisema: Eggert, watoto.

Chini ya kiti: pfenigi mbili,
kibanio cha nywele, si changu,
namba ya gari iliyogongwa kwenye chuma
na ambayo sidhani kuna aliyeisoma tangu siku hiyo.
Na usumba. Usumba mtupu, umegandishwa kwa mpira,
ukimwagika penye mshono uliooza.
Nazi za pwani gani zile,
zilizokuja mpaka huku kwenye manyunyu
ili mimi na Detlef tuzikalie tukigombana?

Detlef alipiga simu kutoka Bremen.
Wiebke, ukikitoa, gari si halisi tena.
Wanunuzi huanza kuulizia kiti.
Nani kakwambia linauzwa?
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.
Ulikuwa ukikaa upande gani, nikamwuliza, ingawa najua.
Kushoto, nyuma ya baba.
Mimi kulia. Betri iko kulia.
Miaka yote ile nilikalia umeme,
mkate wa siagi mkononi.

Egemeo lilikuwa kazi nyingine. Boliti nne:
tatu zilikubali mafuta na maneno mazuri,
ya nne niliitukana mpaka jirani, Bwana Tönnies,
akachungulia na spana ndefu kuliko mkono wake
na hakuuliza kitu. Ndiyo sababu nampenda.

Nikapima tena. Sentimita thelathini na moja, kikikunjwa.
Buti liko mbele, dogo kama kabati la viatu, halikitaki.
Nyuma kinaingia. Kinaingia kwa ubavu,
gurudumu moja likitazama anga.
Kiti kimetoka, kiti kimeingia;
lugha haikupata taabu, mgongo wangu ndio uliopata.

Hospitali iliandika: mtumiaji wa kiti.
Mama akalikata neno hilo kwa kalamu,
kwa mkono wa kushoto, ule unaomtii bado.
Nyumbani ni mwenyekiti.
Kikao jikoni, ajenda kahawa,
na akitamani mkunga wa moshi wa kule Ziwa Dümmer,
hoja imepita, hakuna kura.

(Kiti cha zamani nimekiegemeza ukutani
karibu na matairi ya theluji.
Paka wa Tönnies amekwisha kuhamia.)

Jumapili, basi. Skafu kichwani, paa chini,
mashamba yananuka samadi mbichi
na mama anaivuta hewa hiyo kama mtu aliyedaiwa.
Kabla ya kijiji kuna barabara ya mawe.
Kiti kikaanza kutetemeka, chuma kwa chuma,
mkanda niliokifungia ukalegea.
Zamani angegeuka mwili mzima,
kiganja tayari.
Sasa shingo haifiki.
Alikivuta kioo cha katikati kwa vidole viwili,
akatazama nyuma muda mrefu.

Tulieni huko, akasema.

Nikapunguza mwendo.